Je, Nitakayeamka Atakuwa Mimi?

Somo: Marko 5:1-20, Danieli 4:28-37, Yohana 21:18

Ujumbe huu niliuanza katika ibada ya pili na saa ikanikimbia, nikaahidi kuumalizia kwa maandishi. Umetokana na swali nililoulizwa na mzee wetu mmoja nikiwa sebuleni kwake, na tangu nianze kazi hii ya kuchunga sijaulizwa swali gumu kuliko hilo. Yeye na mkewe wameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina. Nitamwita Mzee tu, na wanaomjua naomba wanyamaze kwa upendo.

Saini iliyopungua

Mzee alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa kwa miaka mingi. Mkono wake ulikuwa mzuri, risiti zake ungezisoma hata ukiwa umesimama mlangoni. Halafu, kama miaka sita iliyopita, maandishi yake yakaanza kupungua. Neno linaanza kubwa, linaishia dogo kama mstari wa sisimizi. Siku moja benki ikarudisha hundi, ati saini haifanani na ile waliyo nayo. Ikarudisha ya pili.

Sasa mnatujua sisi binadamu. Hatukuuliza mkono una nini, tuliuliza pesa ziko wapi. Tukaita kikao. Mzee akaketi mbele yetu, uso umekauka, hatabasamu, hapepesi macho, anajibu kwa sauti ya chini mpaka unainama kumsikia. Mmoja wetu akasema kwamba mwenye hatia anajulikana kwa uso wake. Mimi nilikuwa ndani ya hicho kikao, wapendwa, na sikufungua mdomo. Hesabu zikakaguliwa, hakuna hata shilingi moja iliyokosekana. Lakini alikuwa ameshaondolewa, na hakuna aliyesimama mbele ya watu kumwomba msamaha.

Mwaka uliofuata mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia tu juu ya goti. Daktari akampima, akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Akaeleza dalili zake: maandishi kuwa madogo, uso kukauka kama kinyago, sauti kushuka, macho kupepesa mara chache, mwili kuwa mzito kuanza mwendo. Yaani yale yote tuliyomshtaki nayo Mzee kama ushahidi wa wizi, daktari aliyataja kama ugonjwa.

Naanza na hapo ili mjue ninayeandika si mtu aliyeona vizuri tangu mwanzo.

Ugonjwa wenyewe na dawa yake

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeandika kitabu kidogo kuuhusu mwaka 1817 huko London. Si laana ya ukoo, si kurogwa, wala si pepo. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na seli zake hutengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayosaidia ubongo kuamuru mwili uende kwa ulaini: nyanyua kikombe, geuka kitandani, funga kifungo cha shati. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, amri inafika imechelewa au imekwama.

Tangu miaka ya 1960 kuna dawa inayoitwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Ni dawa nzuri, na imewasimamisha wengi. Lakini miaka ikienda, kwa wagonjwa wengi dawa inaanza kushika na kuachia. Mke wa Mzee alinieleza hivi: saa nne asubuhi dawa ikishika, mumewe anatembea mpaka kwenye boma la ng'ombe na kumtania mjukuu. Saa saba ikiisha, anasimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari, miguu imekataa kizingiti. Halafu kipimo kikiongezwa, mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe bila yeye kutaka.

Niseme jambo moja hapa kabla sijaendelea, kwa sababu nimeliona likitendeka. Kama wewe au jamaa yako anatumia dawa hizi, usiziache ghafla, hata kama umeombewa na ukahisi nguvu. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, na mtu anaweza kufa. Kama Bwana amekuponya, daktari atauona uponyaji huo na atapunguza dawa mwenyewe, hatua kwa hatua. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Waya ndani ya ubongo

Mwanawe Mzee, aliye kazini ng'ambo, ndiye aliyeleta habari ya upasuaji. Alikuwa amesikia kwamba huko India, ambako Wakenya wengi huenda kutibiwa, hospitali kadhaa huweka waya ndani ya ubongo na kutuliza ugonjwa kwa umeme. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitetemeka mimi kuliko Mzee. Nikatafuta madaktari wa kunieleza, na nimesoma kiasi.

Tiba hii ilianzia mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Kabla ya hapo, madaktari wa upasuaji walikuwa wakitibu mtetemeko mkali kwa kuharibu sehemu ndogo sana ndani ya ubongo, na kilichoharibiwa hakikuweza kurudi tena. Ili wasikosee mahali, kwanza waligusa kwa umeme kidogo kuona mgonjwa anafanyaje. Daktari Alim-Louis Benabid akagundua kwamba umeme ukipigwa kwa kasi kubwa, mtetemeko unasimama palepale. Ukizima, unarudi. Akaona basi hakuna haja ya kuharibu kitu, waya uachwe humo na umeme uendelee kupita. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakaanza kuuweka mahali pengine ubongoni, sehemu ndogo kuliko harage, na hapo ukasaidia pia ugumu wa mwili na uzito wa mwendo. Marekani iliruhusu tiba hii kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002.

Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati waya unaingizwa, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu, na daktari anamwambia afungue na kufunga ngumi, ahesabu, aseme anavyojisikia. Waya unapitishwa chini ya ngozi ya kichwa na shingo mpaka kifuani, na huko chini ya mtulinga kunawekwa kifaa chenye betri, kama kile cha watu wenye shida ya mapigo ya moyo. Daktari anaweza kuongeza, kupunguza au kuzima umeme kutoka nje bila kupasua tena.

Si muujiza, na madaktari wenyewe hawasemi ni muujiza. Ugonjwa unaendelea chinichini. Mtetemeko, ugumu na ule msukosuko wa dawa kushika na kuachia hupungua sana kwa wengi, lakini sauti na kusimama bila kuyumba mara nyingi havisaidiki hivyo. Kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi. Si kila mgonjwa anafaa, na gharama yake inawapita wengi wetu. Hayo yote familia ya Mzee iliyajua.

Je, ni kukosa imani?

Niliyemtarajia aniulize swali la imani ni Mzee. Walioniuliza ni wengine. Dada mmoja akaniambia, “Pasta, ubongo ndio mlango wa roho, usiguswe na chuma.” Ndugu mwingine akasema kwamba kumkubali daktari wa kichwa ni kumwambia Mungu ameshindwa.

Hili sitalikalia sana. Mfalme Hezekia alipougua akakaribia kufa, aliomba kwa machozi na Mungu akamsikia. Lakini someni Isaya 38 mpaka mwisho: nabii yuleyule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na tini vilikuwa kitanda kimoja. Paulo naye alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumkemea kwa kuwa na tumbo linalouma. Na kama kugusa ubongo ni dhambi, basi levodopa pia ni dhambi, maana inafika mahali palepale, tofauti ni kwamba inapitia mdomoni.

Mzee hakuwa na shida na hilo. Siku ile nilipomtembelea dawa ilikuwa imeshika, akanimiminia chai mwenyewe. Akaniuliza:

“Pasta, wakinitia huo waya, yule atakayeamka atakuwa mimi?”

Nikamjibu haraka, kama tulivyozoea. Nikamwambia Mungu aliyemuumba hawezi kumpoteza, tukaomba, nikaaga. Njiani moyo ukanisuta. Sikumjibu swali lake. Nilimfungia tu mdomo kwa maneno matakatifu.

Mtu wa Uholanzi

Swali la Mzee lina msingi. Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa wao, mtu wa miaka 62. Ugonjwa ulikuwa umemlaza, naye akawekewa waya. Mwili ukafunguka. Lakini pamoja na mwili, kitu kingine kikafunguka pia: msisimko uliopita kiasi, ambao madaktari huuita mania. Akajiona mkubwa kupita watu wote, hashauriki, akajiingiza katika madeni makubwa. Dawa za kutuliza akili hazikumsaidia. Madaktari wakapunguza umeme, akili ikatulia, lakini mwili ukarudi kitandani. Hapakuwa na kipimo cha katikati cha kumpa vyote viwili.

Basi wakamwekea njia mbili. Ya kwanza, kifaa kizimwe, awe na akili zake, alale katika nyumba ya kutunzia wagonjwa asiyeweza kujifanyia lolote. Ya pili, kifaa kiwashwe, atembee, lakini akae chini ya ulinzi katika hospitali ya magonjwa ya akili. Na walimuuliza wakati gani? Walimuuliza kifaa kikiwa kimezimwa, wakati mwili umelala lakini akili iko timamu kuamua. Naye akachagua kifaa kiwashwe, akapelekwa hospitali ya akili.

Wapendwa, nimemfikiria sana mtu huyu usiku. Sisi tuliozoea kugawanya watu haraka, huyu ameokoka, yule amerudi nyuma, tungemweka wapi? Aliyekopa pesa ni nani, yeye au waya? Aliyechagua ni nani?

Na si yeye peke yake. Mwaka 2006 madaktari wa Paris waliandika kuhusu wagonjwa 29 waliofanyiwa upasuaji huo. Miili ilikuwa imepata nafuu nzuri, lakini baadhi yao walisema hawajitambui tena, na ndoa nyingi ziliingia katika ugomvi. Ukitafakari unaona inavyoweza kuwa. Mke amemvalisha mumewe soksi miaka kumi, ghafla mume hamhitaji na anataka kusafiri. Au mke anamwambia sasa umepona, rudi kazini, na mume hana hamu ya kazi. Mwili umerudi, nyumba haikujiandaa kuupokea.

Nisiwatishe. Wengi wanaowekewa kifaa hiki hawageuki namna hiyo, na wako wanaosema kimewarudisha kuwa wao wenyewe baada ya miaka ya kufungwa. Pia si waya tu. Hata baadhi ya vidonge vya ugonjwa huu vinajulikana kumwingiza mtu katika kamari, manunuzi ya ovyo au tamaa ambazo hakuwa nazo. Mtu ambaye maisha yake yote hakubeti hata shilingi kumi, anaanza kukesha na simu akibeti. Na ugonjwa wenyewe, bila dawa wala waya, unaweza kuleta huzuni nzito, kukosa hamu, na mwishoni hata kusahau.

Basi mimi ni yupi?

Hapa ndipo nilipoanza kuona. Tulikuwa tukifikiri kuna Mzee wa kweli, na waya utakuja kumharibu au kumrudisha. Lakini yule wa saa nne asubuhi na yule wa saa saba mchana tayari ni watu wawili ukiwatazama kwa nje. Nilimuuliza mkewe, “Mama, kwako wewe mumeo ni yupi?” Akanitazama kama mtoto aliyeuliza upuzi. Akasema, “Pasta, wote wawili ni mume wangu. Huyu wa saa nne namcheka naye, huyu wa saa saba namshika mkono.”

Mimi nilisomea Biblia miaka minne, na mama huyu alinifundisha kwa sentensi moja. Utu wa mtu haukai ndani ya hali yake ya leo, iwe ni furaha au ukimya. Kama ungekaa humo, kila mmoja wetu angekuwa anakufa na kufufuka kila anapolala usingizi, kila anapopata homa, kila anapochokozwa na njaa. Zaburi ya 139 inatuambia Mungu alituona hata kabla hatujawa na umbo. Alitujua wakati hatukuwa na hali yoyote ya kujivunia. Mtu ni yule anayejulikana na Mungu, na aliyeshikwa na watu waliofunga naye agano. Ndiyo sababu mume anapoapa madhabahuni hasemi nitakupenda ukiwa na tabasamu.

Lakini nisikimbilie kumaliza, maana kuna mwenye swali: kama ni hivyo, hakuna hatia tena? Kila mtu aseme, “Si mimi, ni dawa”?

Hapana. Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni letu sisi wa kile kikao, kumhukumu mtu kwa uso wake na saini yake bila kuuliza mwili wake una nini. Bwana alisema aliyepewa vingi atatakwa vingi. Basi aliyepungukiwa na uwezo hawezi kudaiwa kama mwenye uwezo. La pili ni la mtu anayetumia ugonjwa kama pazia. Mtu akiona kwamba dawa inamvuta kwenye kamari, na bado anaficha simu mkewe asiione, hapo ameanza kuwajibika. Si kwa tamaa iliyomjia, ni kwa kuificha. Shida inayosemwa inatibika, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Shida inayofichwa inauza shamba.

Kwa hiyo wajibu wa mgonjwa, nijuavyo mimi, hauanzi siku ya kosa. Unaanza siku akili ikiwa timamu: umejikabidhi kwa nani, kabla hujafika mahali usipoweza kujizuia?

Maandiko matatu

Tazameni Danieli 4. Nebukadneza aliondolewa akili akala majani kama ng'ombe. Yeye aliadhibiwa kwa kiburi chake, nami simaanishi hata kidogo kwamba mgonjwa wetu anaadhibiwa. Ninachotaka mwone ni kisiki. Katika ndoto ile mti ulikatwa, lakini kisiki kikaachwa ardhini kimefungwa kwa pingu za chuma na shaba. Kiti chake kilimngoja. Akili ziliporudi, washauri wake walimtafuta na ufalme ukathibitishwa kwake. Hakuna aliyesema huyu sasa ni ng'ombe, tumsahau.

Tazameni Marko 5. Tena nasema, Parkinson si pepo, msiende kumkemea Mzee. Angalieni tu watu wa mji. Walimkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na wakaogopa! Alipokuwa akijikatakata kwa mawe makaburini walikuwa wamemzoea. Alipopona ndipo wakaogopa, wakamwomba Yesu aondoke. Kuna familia zilizomzoea mtu akiwa mgonjwa, na hazijui kuishi naye akiwa mzima. Naye Yesu hakumruhusu yule aliyepona kumfuata kwenye mashua. Alimtuma nyumbani kwa watu wake. Mahali pa kuukamilisha uponyaji ni jikoni, kitandani, mezani pa hesabu, pamoja na wale waliokujua.

Tazameni na Yohana 21. Petro alikuwa mtu wa haraka, upanga mkononi. Bwana alimwambia kwamba ujanani alijifunga mshipi mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini atakapozeeka atanyosha mikono na mwingine atamfunga. Tunajua Bwana alikuwa akisema juu ya kifo chake. Lakini kila aliyemvalisha mzazi wake shati anasikia na jambo lingine: itafika siku mikono yako utainyosha kwa mwingine. Swali ni kama umempata huyo mwingine unayemwamini.

Alichofanya Mzee

Nilirudi kwake baada ya wiki tatu. Nikamwambia ukweli: “Mzee, sijui kama utakayeamka atajisikia ni wewe. Madaktari wenyewe hawawezi kukuapia. Lakini najua hatutauliza kama ni wewe. Tutakupokea.” Nikamsimulia habari za yule mtu wa Uholanzi, na namna alivyochagua akiwa na akili zake.

Akakaa kimya muda mrefu. Dawa ilikuwa inaisha. Halafu akamwita mkewe alete daftari, akamwambia aandike kwa sababu mkono wake hauandiki tena. Akasema yafuatayo, nami nilikuwa shahidi pamoja na binti yake:

“Nikiwekewa waya, halafu nianze kusema nauza shamba, msiniulize mimi wa siku hiyo. Niulizeni mimi wa leo. Mimi wa leo nasema lisiuzwe. Nipelekeni kwa daktari apunguze umeme, kisha tuongee. Nikimtukana mama yenu, mniambie siku hiyohiyo, msiningojee. Na nikikataa kwenda kwa daktari, mwiteni Pasta, na Pasta aje, asinitumie ujumbe kwa simu.”

Akatia saini. Ilikuwa ndogo sana, nusu ya punje ya mchele. Safari hii hakuna aliyeitilia shaka.

Wapendwa, nimesikia watu wakishuhudia imani kwa sauti kubwa. Ile ya Mzee ilikuwa ya sauti ya chini, lakini niliitambua. Kumkabidhi mwingine akili yako ukiwa bado unayo si jambo dogo. Alitufanya sisi kuwa ile pingu ya chuma inayoshikilia kisiki.

Mpaka ninapoandika, madaktari bado wanampima kama anafaa. Huenda akaenda, huenda wakasema abaki na vidonge. Daftari lile linafaa kwa vyote viwili.

Sisi tufanye nini

Kwanza, ukiona mtu amebadilika, uliza kuhusu mwili wake kabla hujauliza kuhusu roho yake. Maandishi, uso, sauti, mwendo. Mpelekeni akapimwe. Kikao kinaweza kungoja.

Pili, wenye ndoa na watoto, ongeeni mambo haya mapema. Parkinson au la, uzee unakuja. Nani ataweka sahihi? Nani ataruhusiwa kukuambia umekosea?

Tatu, wako kati yetu wajane na waseja wanaoishi peke yao, wasio na wa kumwandikia daftari. Hao ni wa vikundi vya nyumbani. Nimewaomba viongozi wa vikundi waniletee majina mwezi huu.

Na la mwisho ni langu mwenyewe. Mzee, najua mkewe anakusomea karatasi hii. Siku ya kile kikao nilikuona na nikanyamaza. Hukuiba chochote. Nakuomba msamaha mbele ya kanisa lote, na Jumapili ijayo nitausema kwa mdomo, wewe ukiwa umeketi mbele, saa nne, dawa ikiwa imeshika. Na kama itakuwa imeachia, nitakuja nyumbani kwako saa saba niurudie.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni nani umewahi kumhukumu kwa sura au tabia, kisha ukajua alikuwa mgonjwa? Je, ulirudi kwake?
2. Kwa nini watu wa mji waliogopa walipomwona yule mtu wa Marko 5 amepona? Je, nyumbani kwako kuna hofu kama hiyo?
3. Kama leo ungeandika daftari kama la Mzee, ungeandika nini, na ungemkabidhi nani?

Maombi

Baba, unatujua tukicheka na tukinyamaza. Wakumbuke wote wanaotetemeka, na wanaowashika mkono. Wape madaktari hekima, na utupe sisi uaminifu wa kuwapokea watu wetu vyovyote watakavyoamka. Katika jina la Yesu, amina.